Programu Inafanya Kazi, Lakini Kila Mtu Anaogopa Kuigusa

Swali ni lilelile. Wanaouliza ndio hubadilika. Kijana ameachiwa mfumo na mwenzake aliyehamia Dodoma kikazi. Au aliuandika mwenyewe miaka kadhaa iliyopita kwa ajili ya chama cha wakulima, shule au zahanati, na sasa kila akirekebisha kimoja vinaharibika viwili. Risiti zinachapwa, ripoti ya msimu inatoka, lakini katibu akiomba safu moja tu iongezwe kwenye ripoti, kazi hiyo inakula wiki nzima. Kisha linakuja swali: niufute niandike upya?

Jibu langu, karibu kila mara, ni hapana. Tafuta sehemu chache zinazokusumbua kweli, uzirekebishe moja moja huku mfumo ukiendelea kufanya kazi. Mara nyingi si zile zenye msimbo wa kuchukiza macho. Ni zile ambamo mambo ya nje, kama viwango vya makato, majina ya mitandao ya simu na mipaka ya wilaya, yamepigiliwa ndani ya msimbo, na zile ambamo kanuni moja imenakiliwa mara nne.

Ili tusiongee hewani, tushike mfano mmoja. Tuseme kuna chama cha wakulima Rudewa, wilayani Kilosa. Mfumo wake unapokea mazao ghalani, unaandika uzito, unakata makato, unalipa wakulima kwa simu na kutoa ripoti ya msimu. Umeandikwa kwa PHP na MySQL na unakaa kwenye kompyuta moja ofisini. Chama hiki ni cha kubuni, lakini kasoro zake utazitambua. Kama wako umeandikwa kwa Python au C#, soma tu. Tofauti ni ndogo.

## Kabla hujagusa chochote

Mambo matatu, kwa mpangilio huu.

1. Chukua nakala ya kanzidata, kisha ujaribu kuirudisha. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha kwenye kompyuta nyingine ikafunguka, usiihesabu. Na isikae jengo moja na kompyuta yenyewe. Waliokuwapo Kilosa wakati wa mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 hawahitaji kuelezwa kwa nini.

2. Weka msimbo wote kwenye Git. Najua utasema huna intaneti ya uhakika. Git haiihitaji, historia yote inakaa kwenye folda yako mwenyewe, na nakala ya pili unaweza kuiweka kwenye diski ya nje. Ukishafanya hivyo, zile folda zinazoitwa mfumo_mpya, mfumo_mpya2 na mfumo_mpya_mwisho_kabisa zihifadhi pembeni na usizifungue tena kwa kazi.

3. Hakikisha ulicho nacho ndicho kinachofanya kazi ofisini. Hapa wengi huanguka. Mtangulizi wako alikuja siku ya malipo, akarekebisha mstari mmoja kwenye kompyuta ya ofisi, akaondoka bila kumwambia mtu. Ukiweka faili lako juu ya lile, unafuta rekebisho ambalo hakuna anayelikumbuka, na utajua siku ya malipo mengine. Nakili folda ya ofisini, ilinganishe na yako faili kwa faili, na hiyo ya ofisini ndiyo iwe mwanzo wa historia yako ya Git.

Tahadhari mbili. Nywila ya kanzidata isiingie kwenye Git. Iwe kwenye faili la peke yake ambalo Git imeambiwa ilipuuze. Na kanzidata ya wanachama, yenye namba zao za simu na za kitambulisho cha NIDA, usitembee nayo kwenye kompyuta yako ya nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haina msamaha kwa sababu eti ulikuwa unafanya majaribio. Badilisha majina na namba kwanza.

## Kutafuta panapouma

Kosa la kawaida ni kufungua faili la kwanza na kusoma kutoka juu hadi chini, ukisahihisha kila kinachokukera. Baada ya siku tatu umepanga upya nafasi na mabano ya faili arobaini, na tatizo la katibu liko palepale.

Anza na watu. Kaa na mpimaji, mhasibu na katibu, kila mmoja peke yake, wakiwa kazini, na uwaulize:

- Ni kitu gani unakiandika kwenye daftari kwa sababu hukiamini kwenye kompyuta?
- Ni kitufe gani uliambiwa usibonyeze?
- Ni ripoti gani unaitoa, halafu unairekebisha kwenye Excel kabla ya kuipeleka kwenye kikao?
- Mara ya mwisho mlipomwita fundi, alikuja kufanya nini?

Daftari la pembeni ni ushahidi bora kuliko programu yoyote ya ukaguzi. Mhasibu anayejumlisha upya kwa kikokotoo kila malipo ya simu anakuonyesha mstari wa msimbo wenye kasoro bila yeye kujua kwamba anauonyesha.

Kisha uliza historia. Kama mfumo tayari una miezi kadhaa kwenye Git, fungua Git Bash ndani ya folda yake na uandike:

`git log --format= --name-only | sort | uniq -c | sort -rn | head -20`

Utapata faili ishirini zinazobadilishwa mara nyingi zaidi, kila moja na idadi yake. Kama historia ndiyo kwanza unaianza, tumia tarehe za faili na ankara za mafundi waliotangulia. Ankara husema ukweli mwingi.

Faili linalobadilishwa kila mwezi, tena linalolalamikiwa, ndilo la kuanza nalo. Faili baya ambalo halijaguswa kwa miaka mitano na halimsumbui mtu, liache. Hapa nabishiwa sana, hasa na waliotoka chuoni juzi, lakini sibadili: msimbo mbaya usioguswa haukugharimu kitu leo.

Na zile programu za kukagua msimbo, kama PHPStan au Pylint? Zina faida, ila ukiziwasha kwa ukali wote kwenye mfumo wa zamani zitakutupia malalamiko elfu mbili na utakata tamaa kabla ya chai. PHPStan ina ngazi; anza na ngazi ya 0, na ushughulikie malalamiko ya faili unalolifanyia kazi tu.

Mwisho wa hatua hii uwe na orodha ya mambo kumi, yaliyoandikwa kwa lugha ya ofisi. "Kiwango cha makato kikibadilika lazima aitwe fundi" ni mstari mzuri. "Faili la malipo ni chafu" si mstari.

## Dunia iliyopigiliwa ndani ya msimbo

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo penye fedha za watu.

Mwandishi wa programu huandika jambo analolijua leo kana kwamba halitabadilika. Angalia yaliyobadilika nchini kwetu, na ujiulize mfumo wako ungefanya nini:

- Julai 2009 VAT ilishuka kutoka asilimia 20 hadi 18.
- Mwaka 2012 Gairo ilimegwa kutoka Kilosa ikawa wilaya. Mfumo uliopigilia orodha ya kata zote chini ya Kilosa ulianza kutoa ripoti ya wilaya mbili kwa jina la moja.
- Machi 2017 mteja aliruhusiwa kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba. Tangu hapo 0754 si lazima iwe Vodacom. Programu inayochagua mtandao kwa kuangalia tarakimu nne za kwanza inakisia tu, na mkulima aliyehama ndiye anayesubiri.
- Julai 15, 2021 tozo ya miamala ya simu ilianza. Septemba mwaka uleule ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena.
- Novemba 2024 Tigo ikawa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Aliyeandika sharti la "kama mtandao ni Tigo" sehemu kumi na mbili alikuwa na kazi.

Hakuna kati ya haya lililokuwa kosa la mwandishi wa programu. Kosa ni kuyaweka mahali ambapo hayawezi kubadilishwa bila yeye.

Ukikuta `$makato = $jumla * 0.02;` fanya hivi:

1. Tafuta 0.02 kwenye folda nzima. Tafuta pia maumbo yake mengine: `2/100`, `0.98`, na `.02` bila sifuri. Ile 0.98 ndiyo hujificha, kwa sababu mtu alikata makato na kupata kinachobaki kwa pigo moja.

2. Usibadilishe kitu bado. Kando ya kila ulichokipata andika maana yake: huu ni ushuru, hii ni ada ya chama, hili ni punguzo la uzito wa gunia tupu. Namba mbili zinazofanana zinaweza kuwa vitu viwili. Ukiziunganisha kwa sababu tu zimefanana leo, siku moja itapanda na nyingine itapanda nayo bila sababu.

3. Tengeneza jedwali la viwango kwenye kanzidata, lenye safu nne: jina la kiwango, kiasi, kuanzia lini, hadi lini.

4. Andika fankisheni moja inayopewa jina la kiwango na tarehe ya muamala, irudishe kiasi. Tarehe ya muamala, si ya leo. Hili likikupita, mkulima akija kudai nakala ya risiti ya msimu uliopita utamchapia risiti yenye makato ya msimu huu, na kikao kitakuwa kirefu.

5. Badilisha sehemu moja, jaribu, hifadhi kwenye Git, nenda ya pili. Usibadilishe zote kwa mkupuo kwa ile amri ya "tafuta na ubadilishe".

6. Kiwango kikikosekana kwa tarehe fulani, programu isimame na kusema hivyo. Isitumie sifuri kimyakimya.

Utauliza kama umtengenezee katibu ukurasa wa kubadilisha viwango mwenyewe. Ndiyo, lakini baadaye, na uandike kila badiliko limefanywa na nani na lini. Kiwango kinachoweza kubadilishwa bila alama hugeuka ugomvi.

Kwa namba za simu: zihifadhi kama maandishi, si kama namba, la sivyo ile 0 ya mwanzo inapotea. Chagua umbo moja, mfano linaloanza na 255, na uzigeuze zote zinapoingia. Mtandao uwe safu yake yenyewe ambayo mkulima anaulizwa, usikisiwe.

## Majina ya mahali na ya watu

Sehemu hii ni fupi kuliko madhara yake.

Ndani ya Rudewa kuna Batini, Gongoni na Mbuyuni. Karani mmoja ataandika "Rudewa Mbuyuni", wa pili "Rudewa-Mbuyuni", wa tatu "R/Mbuyuni", na ripoti itaonyesha vijiji vitatu. Mfumo unaotafuta kwa neno la kwanza tu utavichanganya vyote. Ukitoa data kwenda ngazi ya taifa, kuna Ludewa ya Njombe na Rujewa ya Mbarali, na vidole huteleza. Dawa ni jedwali la vijiji, kila kijiji na namba yake, na karani achague kwenye orodha badala ya kuandika.

Usisahihishe data ya zamani kwa mkono moja kwa moja kwenye kanzidata. Andika programu fupi inayosema "R/Mbuyuni" ni kijiji namba fulani, iendeshe kwanza kwenye nakala, mwonyeshe katibu matokeo, ndipo uiendeshe kwenye kanzidata yenyewe.

Halafu kuna kata ya Uleling'ombe. Ikiwa mfumo wako unaunga amri ya kanzidata kwa kubandika maneno ya mtumiaji ndani yake, ile alama iliyo baada ya "ng" inakata amri katikati, na ukurasa unakuja na maandishi mekundu. Wapo wanaotatua hili kwa kumwambia karani aandike "Ulelingombe". Usifanye hivyo. Alama hiyo imekuonyesha tundu ambalo mtu mwenye nia mbaya anaweza kulipitia kufuta kanzidata yako yote. Kwenye PHP tumia PDO, uandae amri kwanza na kuipa maneno ya mtumiaji baadaye kama vigezo. Rekebisho moja, matatizo mawili yanakwisha.

Na jina la mtu lisiwe kitambulisho chake. Mohamed, Mohamedi na Muhamadi wanaweza kuwa mtu mmoja, au watatu. Tumia namba ya uanachama.

## Kanuni moja, nakala nne

Kwenye mfumo wa chama chetu, "mkulima alipwe kiasi gani" inakokotolewa kwenye risiti, kwenye ukurasa wa malipo ya simu, kwenye ripoti ya msimu, na kwenye faili linalopelekwa Excel. Mwandishi alinakili mistari ileile, kisha miaka ikaenda. Risiti inakadiria hadi shilingi kamili mwishoni. Ripoti inakadiria kila mzigo peke yake. Kwa mkulima mmoja tofauti ni shilingi mbili tatu. Kwa chama kizima ripoti haifungi, na mhasibu ndiye anayeshukiwa.

Hapa haraka ndiyo adui. Hatua:

- Chukua mizigo ileile, uipitishe kwenye nakala zote nne, upange majibu kwenye jedwali.
- Zinapotofautiana, usiamue wewe ipi ni sahihi. Mpelekee mhasibu na katibu, waamue, waandike. Hii ni kanuni ya chama, si ya fundi. Na kama uamuzi unamaanisha wakulima walipunjwa, hilo wanatakiwa kulijua wao kabla hujalifunika kwa msimbo mpya.
- Andika fankisheni moja ya kukokotoa malipo. Isichape kitu, isiandike kwenye kanzidata, isitume pesa. Ipewe uzito, bei na tarehe, irudishe kiasi.
- Badilisha nakala moja itumie fankisheni hiyo. Kaa nayo siku kadhaa. Kisha ya pili.
- Nakala ya zamani ikishaachwa, ifute. Usiiweke ndani ya alama za maelezo "kwa usalama". Git inaikumbuka kwa niaba yako.

Kinyume chake pia kipo. Usiunganishe vitu viwili kwa kuwa vinafanana sura. Risiti ya mbaazi na risiti ya ufuta zinaweza kufanana mwaka huu na kuachana mwakani. Jiulize: kanuni ya hiki ikibadilika, na kile lazima kibadilike? Kama jibu ni hapana, viache viwili.

## Majaribio, bila mbwembwe

"Mfumo hauna jaribio hata moja, nianzie wapi?" Michael Feathers, katika kitabu chake cha 2004 kuhusu msimbo wa zamani, alipendekeza njia inayowafaa watu wa hali yetu: kabla ya kubadilisha, andika kile ambacho programu inafanya sasa, kiwe sahihi kisiwe sahihi.

Chagua risiti kama thelathini za zamani. Zisiwe rahisi zote. Weka ya mkulima aliyeleta nusu gunia, ya aliyeleta mara tatu siku moja, iliyofutwa, ya siku kiwango kilipobadilika, na ya mtu wa Uleling'ombe. Hifadhi data iliyoingia na majibu yaliyotoka kwenye faili. Andika programu fupi inayopitisha data hiyo upya na kulinganisha. Kila ukibadilisha mstari, iendeshe. Jibu likitofautiana, ama umevunja kitu, ama umerekebisha kitu. Lazima ujue ni lipi kabla ya kuendelea.

PHPUnit au pytest vitakusaidia baadaye. Kwa kuanzia, hata programu ya mistari ishirini inayochapa SAWA au SI SAWA inatosha.

## Fankisheni ndefu, majina mafupi

Utakuta fankisheni ya mistari mia tisa. Usiipasue yote kwa siku moja. Kila unapoingia kurekebisha kitu, toa kipande kile tu unachokigusa, ukipe jina, ondoka. Baada ya misimu miwili itakuwa imepungua yenyewe.

Majina: `$jml2`, `$x`, `$temp_mpya`. Yabadilishe unapopita, na uchague lugha moja. Mfumo wenye `$jumla`, `$total` na `$jumlaTotal` ndani ya faili moja unaficha hitilafu. Mimi hupendelea Kiswahili kwa maneno ya ofisi, yaani mkulima, mzigo na makato, kwa sababu ndiyo maneno ya katibu, na siku ya ubishi mnasoma kitu kimoja.

Maelezo ndani ya msimbo yaseme kwa nini. Kwamba mstari unatoa nusu kilo, naona. Kwamba nusu kilo ni ya gunia tupu na iliamuliwa kwenye mkutano mkuu, hilo siwezi kuliona nikiangalia msimbo.

## "Lakini kuandika upya si rahisi zaidi?"

Inaonekana hivyo kwa sababu mfumo mpya ulio kichwani hauna wakulima ndani yake. Ule wa zamani umebeba mambo ambayo hakuna aliyeyaandika popote: yule mwanachama mwenye namba mbili, lile ghala linalopima kwa mizani ya zamani. Ukiufuta, unayafuta, kisha unayagundua tena moja moja, kwa lawama.

Waliojaribu wakiwa na fedha nyingi wanajulikana. Kampuni ya Netscape ilitoa toleo la 4 la kivinjari chake mwaka 1997, ikaamua kuandika upya. La 5 halikutoka kamwe, na la 6 lilitoka Novemba 2000, Microsoft ikiwa imeshachukua soko.

Njia ya pili, ya kubadilisha kipande kwa kipande, tunayo nyumbani. Mfumo wa IMIS ulianza mwaka 2012 mkoani Dodoma kwa ajili ya Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF. Baadaye, kwa ufadhili wa Uswisi na Ujerumani, msimbo wake ulifunguliwa kwa jina la openIMIS, na Nepal ni mojawapo ya nchi zinazoutumia. Msimbo wa awali ulikuwa mzito, wa teknolojia ya .NET ya Microsoft. Hawakuuzima siku moja. Moduli mpya, zilizoandikwa kwa Python upande wa seva, ziliwekwa kando ya zile za zamani na kuchukua kazi zao moja baada ya nyingine.

Ndivyo ilivyojengwa pia barabara yetu ya Dumila hadi Kilosa. Kipande cha Dumila hadi Rudewa, kilomita 45, kilitangulia kupata lami. Cha Rudewa hadi Kilosa, kilomita 24, kikafuata. Hakuna aliyefunga njia yote akawaambia watu wasubiri nyumbani.

Kuna wakati mmoja ambapo nakubali: chombo chenyewe kinapokuwa kimekufa. Toleo la mwisho la PHP 5 liliacha kupata marekebisho ya usalama mwishoni mwa 2018, na zile fankisheni za zamani zinazoanza na `mysql_` ziliondolewa tangu PHP 7 ilipotoka Desemba 2015. Ikiwa mfumo wako bado unazitegemea, lazima uhame. Hata hapo, hamisha ukurasa kwa ukurasa.

## Pingamizi nyingine

"Sina muda." Msimu wa manunuzi ukishaanza, kweli huna, na usiguse kitu isipokuwa kilichovunjika. Kazi hii ni ya kati ya misimu. Ikiwa huna kipindi kama hicho, tenga asubuhi moja ya wiki na uchague mstari mmoja kwenye ile orodha ya kumi.

"Viongozi hawawezi kulipia kitu wasichokiona." Hawawezi, na wana haki. Usiende kuzungumzia usafi wa msimbo. Mazungumzo yaende hivi:

— Shikamoo, Katibu.

— Marahaba, kijana. Umeleta ankara nyingine?

— Nimeleta hesabu, mzee. Mwaka jana kiwango kilipobadilika mlinisubiri siku nne na malipo yakasimama. Nikifanya kazi hii sasa, mwakani mtabadilisha wenyewe mkiwa mmekaa hapa.

— Na usipoifanya?

— Mtanisubiri tena, na siku hiyo sijui nitakuwa wapi.

Mtu anayesimamia fedha za wakulima ataelewa siku nne kuliko atakavyoelewa maelezo ya saa nzima kuhusu fankisheni.

"Kwa nini nisiipe akili mnemba iandike upya yote?" Itumie, lakini kwa kipande kidogo. Ipe fankisheni moja uiulize inafanya nini; mara nyingi itakueleza vizuri. Usiipe data ya wanachama. Usikubali mstari ambao huwezi kuueleza wewe mwenyewe mbele ya mhasibu. Na risiti zako thelathini ziendeshwe kila mara, kwa sababu msimbo wake husomeka vizuri hata unapokosea.

"Niko peke yangu, hakuna wa kunikagua." Soma badiliko lako kesho yake asubuhi kabla ya kulipeleka ofisini. Na kama unaweza kumpata mwanafunzi wa TEHAMA kutoka chuo cha SUA au Mzumbe aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, mwambie akueleze fankisheni moja. Anapokwama, hapo ndipo pa kurekebisha.

## Siku ya kupeleka mabadiliko ofisini

- Usipeleke Ijumaa jioni, wala siku ya malipo.
- Chukua nakala ya kanzidata dakika ileile kabla ya kuanza. Ya jana haitoshi.
- Peleka badiliko moja. Ukipeleka matano na kitu kikavunjika, hutajua ni lipi.
- Ujue jinsi ya kurudi nyuma, na uwe umeshajaribu kurudi.
- Kaa ofisini hadi risiti tatu za kweli zitoke, na mhasibu azikague kwa kikokotoo chake.
- Umeme ukikatika katikati ya kazi, usiendelee kwa kukisia ulipofikia. Rudisha nakala, anza upya.

## Mfumo usiokufuata ukiondoka

Siku moja utaitwa kazi Dodoma na wewe. Acha vitu hivi ofisini, kwenye karatasi, ndani ya bahasha iliyo kwa katibu na nyingine kwa mwenyekiti:

- Mahali msimbo ulipo, na jinsi ya kuusimamisha kwenye kompyuta mpya, hatua kwa hatua. Mpe mtu asiye fundi afuate hatua hizo ukiwa umekaa kimya pembeni. Atakapoinua kichwa kukuuliza, andika upya hatua hiyo.
- Nywila zote, pamoja na za barua pepe iliyotumika kusajili huduma.
- Jina la tovuti, akaunti ya ujumbe mfupi na akaunti ya malipo ya simu, zikiwa zimesajiliwa kwa jina la chama. Kama zimesajiliwa kwa jina lako, zihamishe mwezi huu.
- Orodha yako ya mambo kumi, ikionyesha yaliyokwisha na yaliyobaki.
- Namba ya fundi mwingine, mbali na yako.